Mabomba Kumi na Nane ya Mzabibu

Cotu Fierului, tarehe 9 Julai

Dada yangu mpenzi Saveta,

Kabla ya yote nakuulizia hali. Mgongo unaendeleaje? Na yule bibi wa Kiitaliano unayemtunza, bado anakataa supu mpaka umwimbie? Ukinijibu uniandikie kwa urefu, usinitumie mistari miwili kama mara ya mwisho. Sisi huku ni wazima. Zamfira mke wangu anakusalimu sana. Goti lake linaendelea kutabiri mvua, na linatabiri vizuri kuliko redio. Mimi mwenyewe ni mzima kupita kiasi. Daktari wa kiwanda alinipima presha akasema kifaa chake kimeharibika, maana hajawahi kuona mtu wa miaka hamsini na sita mwenye presha ya askari mpya. Kahawa uliyotuma ilifika salama, tumeinywa na majirani wote, na kila mmoja nimemwambia bei yake mara mbili.

Najua ungetaka nikupigie simu. Lakini kwenye simu unanikata kila nikifika penye utamu, unasema, "Gherasim, punguza." Karatasi hainiambii nipunguze. Tena nina mambo mawili ya kukueleza. La kwanza ni la kujivunia, na nitalisema kwa kifua mbele. La pili tutalifikia.

Dada, nduguyo amewashinda watu wa Brussels. Bila ugomvi, kwa nyundo tu.

Binti yako Ilinca bila shaka alikudokezea habari za kesi ya mabomba, lakini mtoto yule anasimulia kama mtu anayelipia kila neno. Acha nikueleze mimi. Ni miaka minne sasa tangu mabomba ya chuma ya nje yaanze kumwagika kwenye soko letu kwa bei ambayo hata mwizi angeona aibu kuitaja. Hebu fikiria. Wanayeyusha chuma, wanakitoboa, wanakivuta, wanakinyoosha, wanakipakia melini, meli inazunguka nusu ya dunia, halafu bomba linafika hapa kwa bei ndogo kuliko donge la chuma ambalo mimi bado sijaligusa. Huko kwao wenyewe wanauziana ghali kuliko hapo. Sasa hiyo ni biashara? Hiyo ni kutupa mzigo uani kwa mwenzako mpaka ashindwe kufungua mlango. Ndipo kiwanda chetu kikapeleka malalamiko Brussels, kikaomba mabomba yale yachunguzwe na yatozwe ushuru.

Tuliletewa wakili kutoka Bucharest, kijana aliyevaa suruali ya kubana hadi nikadhani amemiminwa ndani yake. Akatukusanya kantini akatukataza kuitaja nchi yanakotoka mabomba hayo. Tuseme "nchi husika", basi. Unawajua watu wetu. Kabla ya Jumapili neno limeshaenea mji mzima. Bia ya Pamfil ikiwa na maji, watu wanapiga kelele, "Pamfil, hii umeitoa Nchi Husika?" Naye mkwe wa Pamfil, ambaye kila wakati wa kukata majani huumwa tumbo, sasa anaitwa Nchi Husika na mama mkwe wake, mbele ya kasisi.

Lakini tulikuwa tunacheka huku tumebana meno. Karakana ya pili ilishafungwa tangu Krismasi. Mkurugenzi alisimama uwanjani akatuambia wazi kwamba Brussels ikikataa malalamiko yetu, tanuru litazimwa Septemba. Nawe ulikulia hapa, unajua tanuru letu likizimwa haliwashwi tena. Watu mia sita. Mimi nimebakiza miaka minne kufikia pensheni, na binti yako yuko ofisi ya hesabu kwenye jengo lilelile.

Brussels walituma dodoso nene kuliko Biblia ya nyanya yetu. Mkurugenzi akampa Ilinca, kwa sababu anajua Kiingereza na hachoki. Miezi minne, dada! Kila tani iliyoingia na kila tani iliyotoka, aliiandika. Alikuwa anakula amesimama. Nilikuwa nikimpelekea ugali na jibini kutoka kwa Zamfira, nakuta ule wa jana umekauka kando ya kalamu. Kisha tukaambiwa kwamba wakaguzi watakuja wenyewe kuhakikisha kila kilichoandikwa ni kweli. Wakili alituonya kwamba namba moja tu ikikosa ushahidi, wanaweza kuyatupa majibu yote, na hapo neno la kiwanda halitakuwa na thamani tena.

Wakaja mwezi wa Mei, wawili. Bi Tuulikki, mwanamke wa Kifini, mrefu kama nguzo, anayetoa maneno kwa kupima. Na Bwana Serafim, Mreno, mviringo, miwani imefungwa kamba shingoni. Mama Tinca wa kantini alikuwa amepika kabichi za kuviringisha na nyama, sufuria tatu, krimu pembeni. Wakakataa. Wakakataa kahawa. Hata maji walikuja nayo yao! Wakili akasema ndiyo sheria yao, wasije wakaambiwa wamehongwa. Mama Tinca hakuelewa sheria hiyo. Alisema, "Hawa wamekuja kutuzika. Na wewe Gherasim, hata matangani watu hula!"

Siku ya kwanza ilipita vizuri. Siku ya pili, saa nne asubuhi, ikaja balaa. Bi Tuulikki alijumlisha uzito wa mabomba yaliyotengenezwa kwa miaka ile, akatoa yaliyouzwa, akatoa yaliyomo uwanjani, akakuta tani tisini na nne hazionekani. Akauliza ziko wapi. Ilinca akamjibu bila wasiwasi kwamba hayo ni mabomba yaliyofeli, waliyopewa wafanyakazi kwa ajili ya mizabibu. Bwana Serafim akavua miwani. Akauliza kwa ajili ya nini? Mizabibu, akasema Ilinca.

Wewe huhitaji kuelezwa. Kwetu mwanamume akioa, huchomelea kwanza kichanja cha mzabibu kutoka getini hadi mlangoni, kitanda baadaye. Bomba lililofeli mtihani wa presha kwa unywele mmoja litabeba zabibu miaka themanini. Na tangu enzi za baba hatujawahi kuliandika kuwa ni chuma chakavu, maana nani anataka mzabibu wa babake uning'inie kwenye uchafu? Msimamizi humwandikia mfanyakazi, au ndugu yake, kibali cha geti: jina, idadi ya mabomba, namba ya tanuru iliyogongwa kwenye chuma, na kwenye mstari wa matumizi anaandika "mzabibu". Ukisubiri zamu yako, unapewa. Na msimamizi anayeandika vibali hivyo miaka kumi na moja sasa ni mimi. Ninaviweka kwenye boksi la viatu chini ya meza yangu ya kazi.

Lakini kwa mtu wa Brussels, dada, hiyo ilinuka. Bwana Serafim alisema wazi kwamba anaona mabomba mazima yameuzwa kwa mlango wa nyuma, na kwamba kiwanda kinacholia njaa huenda kilikuwa kinakula jikoni kwa siri. Wakili akawa mweupe kama jibini. Nikaitwa.

Nilikuwa kwenye mashine ya kunyoosha. Kazi yangu unaijua, lakini hujaiona siku hizi. Nagonga bomba kwa nyundo mara moja, na sikio langu linaniambia kama lina ufa mwembamba kama uzi wa buibui. Wametuletea mashine ya Kijerumani ya kusikiliza nyufa. Huwa naisubiri kwa adabu ithibitishe nilichokwisha kusema. Siku moja nilisikia bomba bovu nikiwa kwa kinyozi, ng'ambo ya reli. Basi nikaingia ofisini na kofia mkononi, boksi la viatu kwapani na nyundo mfukoni, nikawaambia kupitia Ilinca kwamba tani zile hazijapotea hata kilo. Zimesimama mjini, zina majani. Waje waone.

Bi Tuulikki alitazama saa. Akamtazama mwenzake. Kisha akafumba macho, akaingiza mkono kwenye boksi akatoa vibali kumi. Alisema vyote kumi vikisimama, atalikubali boksi zima. Kimoja kikiwa cha uongo, boksi linatoka, na tani tisini na nne zinatoka nalo. Ilinca alinitafsiria hayo polepole, huku akinikazia macho kama kwamba mimi ndiye niliyewahi kudanganya mtu maishani.

Saveta, mji huu haujaona maandamano kama yale tangu ilipoletwa kengele ya kanisa. Mbele mimi na nyundo, nyuma yangu Brussels, nyuma yao mkurugenzi na wakili anachechemea kwa viatu vyake vya ncha, kisha nusu ya mtaa. Kwa Pamfil tulikuta mabomba kumi na manne kama kibali kilivyosema. Niligonga moja moja, yakaimba. Nikafuta rangi kwa kitambaa, namba ya tanuru ikatoka kama jua. Pamfil akapayuka kutoka dirishani, "Gherasim, leo umekuwa mpima mizabibu? Mwambie huyo mama apime na divai!" Mama akakataa divai. Kwa mjane Anica kibali kilisema sita, tukakuta manne. Kumbe mawili alimtengenezea marehemu mumewe benchi la makaburini. Tukaenda makaburini. Bi Tuulikki alisoma namba ya tanuru chini ya benchi, na baada ya hapo hakutazama saa tena.

Kufika kibali cha sita, Bwana Serafim alikuwa ameninyang'anya nyundo, anagonga mwenyewe, anatega sikio na kutikisa kichwa kama fundi wa vinanda. Kufika cha tisa, Bi Tuulikki alitabasamu. Milimita moja, lakini nimeishi kwa kupima milimita.

Kibali cha kumi alikisoma Ilinca kwa sauti ya juu, kwa furaha. "Saveta Ploscaru, mabomba kumi na nane, mzabibu."

Kwako, dada. Mtaa mzima ukachangamka, maana hakuna asiyejua kichanja chako. Matao yake, rangi ya kijani, zabibu zimeanza kujitokeza. Ilinca alitangulia kufungua geti la nyumba ya mama yake kama anafungua jumba la makumbusho. Mimi nilibaki nyuma. Nilisema nina jiwe kiatuni.

Sasa nalifikia lile la pili. Ukae kitako kwanza.

Nilikuambia mabomba yale niliyapata kwenye zamu yako, nikayachagua moja moja kwa sikio langu kwa ajili ya dada yangu aliye ugenini. Siku ya kubariki nyumba yako kasisi aliyanyunyizia maji, wewe ukalibusu moja, ukalia, mimi nikalia pia. Haikuwa kweli. Machozi yalikuwa ya kweli, lakini mabomba hayakuwa yetu. Niliyanunua kwenye bohari ya mchuuzi mmoja njia ya kwenda mkoani, nikayaleta yamefunikwa turubai, nikayapaka rangi mara mbili kabla hata Zamfira hajayaona. Ni ya Nchi Husika, Saveta. Yote.

Bwana Serafim aligonga la kwanza. Lilitoa sauti ya sufuria. Yeye, mwanafunzi wangu wa saa tatu tu, akanigeukia uso umebadilika. Akagonga la pili, la tatu. Bi Tuulikki akakwangua rangi kwa ufunguo, chini yake zikatoka herufi ambazo si zetu. Wakili akakaa kwenye ngazi ya mlango wako bila kupangusa vumbi. Kisha Bi Tuulikki akauliza kwa upole, na Ilinca akatafsiri bila kunitazama, kwamba karatasi inasema kumi na nane yalitoka getini kwa jina hili. Yako wapi?

Wewe unanijua. Majibu nilikuwa nayo matatu papo hapo, yote mazuri, moja lilikuwa na dubu. Ningesema yameibwa. Ningesema yamesombwa na mto ule mwaka wa mafuriko. Nikafungua mdomo, nikamwona Ilinca amekumbatia lile faili lake kwa mikono miwili, vidole vimekuwa vyeupe. Miezi minne ya kula amesimama. Na nyuma yake watu wa karakana yangu, kila mmoja na kofia yake, wananitazama mdomoni.

Nikasema, "Ni geti langu."

Mabomba yako kumi na nane ndiyo geti langu, dada. Lile la mabawa mawili lenye jogoo juu, ambalo madereva wa malori hupunguza mwendo walione. Niliwaambia watu wote kwamba mkurugenzi alinizawadia mabomba yale kwa utumishi wa miaka thelathini. Hakuna zawadi iliyotolewa. Zamu yangu ilikuwa imepita, yako ikafika, nami nikajisemea kwamba uko Padova, huwezi kulitofautisha bomba na bomba. Nilikusudia kukurudishia zamu inayofuata. Halafu kazi zikapungua, karakana ikafungwa, hata mabomba ya kufeli yakawa hayapatikani.

Tulivuka barabara sote. Bwana Serafim akagonga geti, likaimba kama kwaya. Akakwangua chini ya bawa la kushoto, namba ya tanuru ikawa ileile ya kwenye kibali. Wakahesabu wote wawili, kila mmoja kivyake: kumi na nane. Pamfil alicheka mpaka akashikilia geti asianguke. "Zawadi ya mkurugenzi! Jamani, miaka mitatu tunamvulia kofia jogoo wa dada yake!" Na mkurugenzi, aliyekuwa amesimama hapohapo, akasema alikuwa anashukuriwa na watu barabarani kwa ukarimu wake na alishindwa kukumbuka aliufanya lini.

Kisha Bwana Serafim akaniuliza swali moja. Mimi ni mkaguzi wa mabomba wa kiwanda hiki hiki. Kwa nini nilinunua yale? Sikuwa na nguvu ya kupamba. Nilimwambia kwamba kwa bei ile ya mchuuzi, sisi tusingeweza hata kulipia moto wa kuyapashia ya kwetu. Nilijua yanatoka wapi, nilijua yatatufanya nini, na bado nilitoa pochi. Alinitaka nirudie. Nikarudia, naye akaandika kila neno, akanipa karatasi nitie sahihi.

Bi Tuulikki akafunga boksi la viatu kwa utepe wa gundi na muhuri, akasema vibali vyote kumi vimesimama. Akamnong'oneza Ilinca jambo, ambalo mwanao aliniambia siku ya pili kwa shingo upande: kwamba amefanya kazi hii miaka kumi na tisa, na hajawahi kuonyeshwa uongo na mwenye uongo wake. Ndiyo maana aliziamini zile karatasi nyingine. Nimemwambia Zamfira anitarizie maneno hayo kwenye kitambaa. Bado anafikiria.

Alhamisi iliyopita habari zikafika. Mabomba ya Nchi Husika yamewekewa ushuru wa muda, na tanuru letu halizimwi. King'ora kililia saa tano asubuhi, bila zamu kubadilika, watu wakatoka uwanjani wanakumbatiana na masizi yao. Wakili anasema tusishangilie kwanza, uamuzi wa mwisho ni majira ya baridi. Amechelewa, tumeshashangilia. Mama Tinca alimpakulia kabichi sahani mbili, akamwambia wewe si wa Brussels, kula. Na mkurugenzi alimwita Ilinca mbele ya watu wote. Saveta, ungemwona! Alisimama wima kama wewe, shingo yako ileile, watu mia sita wanampigia makofi. Alipozimaliza shukrani zake akanitafuta kwa macho kwenye umati, akanipungia mkono. Wa kwanza tangu Mei. Kabla ya hapo alikuwa ananiita Bwana Ploscaru, hata akiomba chumvi.

Yeye ndiye aliyesema kwamba nikuandikie mimi kabla ya sikukuu ya Nabii Eliya mwezi huu, au atakuandikia yeye. Ningekuandikia tu hata hivyo. Labda si mwaka huu.

Sasa mpango ni huu. Mzabibu umeshajisokota kwenye mabomba yale ya kigeni, siwezi kuubandua kabla ya mavuno. Wewe utakuja kwa sikukuu ya Mama Maria mwezi wa Agosti, utakaa chini yake hivyohivyo, na usimwambie mtu kwamba kivuli ni kilekile. Tukishachuma zabibu nitakisimamisha upya kwa mikono yangu, kwa mabomba yako. Geti nimeshalishusha na kulikata, mahali pake nimefunga kamba. Yako kumi na nane yamelala uani kwangu kwenye majani, nayapiga nyundo kila jioni kuhakikisha hayajaumia, na yanaimba vizuri. Ukitaka kunitukana, nitukane kabla ya mavuno, maana nikianza kuchomelea huwa sisikii.

Jambo moja tu nakuomba ulitafakari ukiwa umetulia. Jina lako, Saveta, sasa limo kwenye jalada la Brussels. Ilinca amenionyesha nakala: kibali cha kumi, jina lako, na chini yake jina langu, limeandikwa "shahidi". Katika ukoo wetu wote, kuanzia babu, hakuna aliyewahi kuandikwa kwenye kitabu chochote isipokuwa cha kanisa na cha polisi. Na mimi nimeandikwa kwa kusema kweli. Nani angedhani?

Zamfira anasema uje na viatu vya wazi, joto ni kali. Ilinca anakubusu mikono, na anasema usilie kwenye simu. Msalimie bibi wako wa Kiitaliano, mwambie kile kichanja kwenye picha aliyoisifu kina historia ndefu na nitamsimulia mwenyewe akija. Mungu akulindie mgongo wako, na akulainishe moyo kabla hujafika.

Ndimi mdogo wako akupendaye, anayeingia nyumbani kwake kwa kuvuka kamba,

Gherasim